Noti Mbili za Mwalimu Stanislas

Kabla hajaugua, Mwalimu Stanislas Kabeya alikuwa mtu wa kuogopwa kwenye mazungumzo ya mahari. Familia zenye asili ya Kasai hapa Lubumbashi zilikuwa zikimgombea awe msemaji wao. Upande uliomwahi ulikaa kwa raha. Upande uliomkosa ulijua mapema kwamba jioni utarudi nyumbani umechoka, umecheka, na umekubali mambo ambayo asubuhi haukuwa na nia ya kuyakubali. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mwepesi. Sentensi aliianza kwa Kiswahili, akaipitisha kwenye Kifaransa, akaimalizia kwa Kiluba cha Kasai, na kabla hujamaliza kucheka mzaha wa kwanza, wa pili ulishapita na wa tatu ulikuwa unakusubiri. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha hesabu shule ya sekondari. Wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye vitambi na magari, walipokutana naye sokoni bado walimwita Maître, yaani mwalimu, na kuficha sigara mgongoni.

Bintiye wa pekee, Estelle, alirithi macho yake na mwendo wake, lakini si ulimi. Huyu maneno yalimpa taabu tangu utotoni. Raha yake ilikuwa kwenye alto, ile fidla nene kidogo yenye sauti ya kifuani. Aliisomea Kinshasa, akaenda Liège, Ubelgiji, kujifunza utunzi, kisha akarudi nyumbani kutunga muziki wa aina ambayo majirani wa mtaa wao wa Ruashi walipousikia mara ya kwanza waliuliza kama vyombo vimeingia maji. Alipenda kuchukua wazo kutoka fani nyingine kabisa, fani isiyo na habari na muziki, na kulisikiliza mpaka lianze kutoa sauti. Mwaka mmoja alichukua foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Baba yake alimfundisha hesabu za foleni, jinsi wataalamu wanavyokadiria nani atasubiri na kwa muda gani, naye akaandika kipande cha vyombo vinne ambamo kila mpigaji anangoja mwenzake avuke mpaka. Kunyamaza kulikuwa kwingi. Katikati ya onyesho mama yake, Geneviève, alimwinamia mumewe akamnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka safu ya nyuma:

"Papa Estelle, hii njo musique ao njo douane?"

Kusikia muziki ukiitwa forodha, Stanislas alicheka mpaka ikabidi atoke nje.

Kiharusi kilimkuta Jumapili asubuhi, akiwa anavaa viatu vya kwenda kanisani. Alipotoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama wa mtu mwingine, mguu ulikuwa unaburuta, na maneno yalikuwa yameondoka. Lilibaki moja tu: moyo. Kwa Kiluba cha Kasai, moyo ni salamu. Ndivyo watu wanavyoamkiana wakikutana njiani. Sasa Stanislas alilitumia kwa kila kitu. Moyo ilikuwa maji, moyo ilikuwa fungeni mlango, moyo ilikuwa niacheni. Aliyoambiwa aliyaelewa, madaktari walithibitisha hivyo. Lakini akifungua kinywa, neno lilikuwa lile lile, na yeye mwenyewe alilisikia kwamba silo, na hapo uso wake ulijaa hasira.

Mwanzoni wageni walikuja kwa wingi. Walikaa sebuleni, wakazungumza na Geneviève huku wakimtazama yeye, wakaaga. Kisha wakapungua. Geneviève, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumaliza sentensi mbele ya mumewe bila kukatizwa, alishika kazi mpya ya kumlisha, kumvalisha na kumwambia mambo polepole, kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama anayemwita mtoto ng'ambo ya barabara.

"Papa. Estelle. Kula. Bukari. Iko. Muzuri."

Stanislas alifungua kinywa akala ule ugali.

Ndipo akaja Muhindo. Alikuwa mtu wa Butembo, aliyeshuka Lubumbashi pamoja na wajomba zake wenye malori. Malori hayakumvuta, alisomea kuwasaidia watu kurudisha mwili na usemi baada ya ugonjwa. Alikuja nyumbani kila wiki, akavuta kiti, akaketi upande wa kushoto wa mgonjwa, akaushika ule mkono mzima na kuanza kuupiga taratibu juu ya goti. Huku anapiga, aliimba. Hakuimba wimbo wa kanisani wala wa redio. Aliimba maneno ya kawaida ya nyumbani kwa noti mbili tu, moja juu, nyingine chini yake kidogo. "Leta" juu. "Mayi" chini. Kwanza aliimba peke yake. Kisha aliguna bila maneno na Stanislas akaguna naye. Kisha waliimba pamoja. Kisha Muhindo alinyamaza ghafla na kumwacha mzee aendelee.

Ziara za mwanzo hazikuzaa kitu. Stanislas alibaki kwenye moyo wake. Halafu alasiri moja Estelle, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia sauti ya baba yake, yenye mikwaruzo, ikipanda na kushuka:

"Le-ta. Ma-yi."

Geneviève alikurupuka. Alileta glasi, akaleta jagi, kisha akatoka tena akarudi na ndoo nzima, akaiweka katikati ya sebule, akasimama kando yake akilia. Stanislas alikunywa ile glasi, naye machozi yakamtoka.

Estelle alimsindikiza Muhindo mpaka getini.

"Namna gani anaweza kuimba kintu hawezi kusema?" alimwuliza.

"Dada, maneno inakaa sana upande ya kushoto ya kichwa," alisema Muhindo. "Kule njo kuliharibika. Lakini melodi inakaa sana upande ya kuume, na kule kungali kuzima. Daraja ya route kubwa imevunjika. Basi, tunapita deviation, njia ya kando."

"Na deviation inafika?"

"Iko na mashimo, na inachelewa. Lakini muntu anafika."

Maneno hayo hayakumwacha Estelle. Wakati huo alikuwa anadaiwa kipande kipya. Kikundi chao cha vyombo vinne kilikuwa na onyesho kwenye ukumbi wa makumbusho. Franck alipiga fidla ya kwanza na ndiye aliyekiongoza, Liévin alipiga ya pili, Séverin selo, ile fidla kubwa ya kati ya magoti, na Estelle mwenyewe alto. Franck alikuwa akimsumbua kila siku kwa simu. Basi Estelle akaanza kusoma habari za ubongo. Alisoma jinsi usemi unavyopotea na jinsi wimbo unavyobaki, akatazama picha za vichwa vilivyogawanywa kwa rangi nyekundu na buluu, na polepole akaanza kuandika. Aliandika noti ndefu zinazofifia, kunyamaza kunakokatizwa na mguno, na alto inayotafuta noti mbili na kuzikosa. Aliona ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Alimwambia mama yake jikoni, Geneviève akiwa anasonga bukari.

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Utakamata bugonjwa ya papa yako, uiweke ku scène?"

"Mama, haiko bugonjwa. Iko namna anarudia."

"Bantu bakae pa viti, bavae bizuri, bamusikilize anashindwa kusema. Njo vile?" Geneviève aliendelea kusonga kwa nguvu kuliko inavyohitajika. "Stanislas ule! Mwenye bantu yote ya Lubumbashi walikuwa wanamuogopa kinywa. Hapana, mwana. Bintu ya malori, sikusema kitu. Hii, hapana."

"Na kama yee mwenyewe anakubali?"

"Muulize, basi."

Estelle akamwuliza. Aliketi mbele ya baba yake, akamweleza yote, kisha akasema, "Papa, unakubali?" Stanislas akaitikia kwa kichwa. Estelle akafurahi. Kisha, kwa kuhakikisha tu, akauliza, "Ao unakataa?" Stanislas akaitikia tena kwa kichwa, vile vile, kwa uso ule ule. Akajaribu kutikisa kichwa kukanusha, akaishia kuitikia mara ya tatu, akapiga goti kwa mkono wa kushoto kwa uchungu.

"Ndiyo yake na hapana yake vimechanganyika," Muhindo alimwambia baadaye. "Itakuja kunyooka, lakini bado. Usimuulize na maneno, dada. Mupe kintu chenyewe, halafu angalia atafanya nini."

Kwa hiyo Jumamosi moja wapigaji wote wanne walijibana kwenye sebule ya Ruashi. Makochi yalisukumwa ukutani, selo ya Séverin ikakaa mahali pa meza ya televisheni. Franck alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi kana kwamba ni onyesho kamili. Alikuwa hivyo, alipiga kwenye hoteli na harusi kwa ajili ya tumbo, na kwa ajili ya roho alingoja siku ambayo muziki ungemfikisha Ulaya, mahali ambapo mara mbili alinyimwa viza. Geneviève alikaa mlangoni pa jikoni amekunja mikono. Stanislas alikaa kwenye kiti chake, amevalishwa koti.

Walipiga. Muziki ulianza kwa mbali, ukasogea kidogo, ukasimama. Noti moja ya selo ilikaa peke yake mpaka ikaisha pumzi. Alto ya Estelle ikapapasa, ikapata noti ya juu, ikaikosa ya chini, ikanyamaza. Ulikuwa muziki wa huzuni, wa mtu aliye mbali ndani ya ukungu, na Liévin, ambaye si mwepesi wa kuguswa, macho yalimlowa.

Hawakufika katikati. Stanislas aliupiga mkono wa kiti kwa kiganja.

"Moyo!" alisema. "Moyo! Moyo-moyo-moyo-moyo!"

Pinde zote zilisimama hewani. Uso wa mzee ulikuwa umewiva.

"Muliona?" Geneviève alisema. Hakuwa na furaha ya kushinda. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Anakataa. Bebeni bintu byenu, bana yangu. Nitawapatia chai mbele ya kuenda."

Estelle aliishusha alto begani. Aliinama, akafungua sanduku la alto. Lakini Stanislas alijisukuma kutoka kitini, akayumba, akaegemea bega la Séverin, na kabla hawajajua anataka nini, vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kukimbia juu ya ubao wa selo. Vilikimbia kweli, vyote vitano, trrrr-ta-ta-trrr, vikasimama ghafla, vikaruka, vikaanza tena upande mwingine. Kisha akakigusa kichwa chake kwa kidole. Kisha akakigusa kinywa, na kutoka kinywani, kwa taabu, zikatoka zile noti mbili: "Mo. Yo." Akarudia yote. Vidole mbio. Kichwa. Kinywa, polepole. Akamtazama binti yake, akamtazama Franck, na mwisho akamtazama mkewe.

Geneviève alikuwa ameshafungua mikono.

"Anasema," alisema, kisha akasita. "Anasema mu kichwa haiko pole-pole. Mu kichwa iko mbio sawa zamani. Njo kinywa tu njo kinachelewa."

Stanislas alifumba macho na kujiachia kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Geneviève alikuja akapiga magoti mbele ya kiti. Alipozungumza tena, hakuzungumza kwa sauti kubwa wala neno moja moja.

"Na miye ninakusemesha sawa mutoto," alimwambia. "Miezi yote hii. Iko muzuri, kula, fungula kinywa. Na weye uko mule ndani unanisikia. Juu ya nini hukunitupia sahani?"

Stanislas aliuweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa cha kichwa cha mkewe. Mdomo ulipinda upande mmoja. Ilikuwa tabasamu.

Wapigaji waliondoka bila kumaliza chai. Estelle alibaki amekaa sakafuni kati ya makochi, karatasi za muziki zimemzunguka. Alizitazama kurasa zake nzuri na kuona kosa lilipo. Alikuwa amesoma sana habari za kilichovunjika. Vitabu vilimweleza mahali daraja lilipokatika, naye akaandika ule mto mtupu, maji na ukungu, kana kwamba ng'ambo hakuna mtu. Hakuwa amewahi kujiuliza wanafanya nini wale waliokwama ng'ambo. Alizikusanya kurasa zote, akazipeleka jikoni, na mama yake akawashia nazo jiko la mbabula.

"Unaacha?" Geneviève aliuliza, akipuliza makaa.

"Ninaanza mupya. Mama, bile bidéo bya mahari, bya wakati Papa alikuwa anasema, nani iko nabyo?"

Geneviève akajifuta mikono, akatafuta simu yake.

Video zilikuja kutoka kwa shangazi na mabinamu, kutoka mitaa ya Bel-Air na Katuba, moja hata kutoka Mitwaba kule mbali. Ndani yake Stanislas alikuwa amesimama katikati ya watu, kidole juu, akinyang'anya zamu ya kusema, akigeuka, akishusha sauti ili wasogee, kisha akiwarukia. Estelle alizisikiliza bila kujali maneno. Alisikiliza mwendo wa sauti, inapanda wapi, inashuka wapi, inakimbia lini. Kiluba cha Kasai ni lugha ambayo sauti ikipanda au kushuka maana inabadilika, kwa hiyo usemi wake tayari ulikuwa nusu wimbo. Aliuandika kama ulivyo, akaugawa kwa fidla mbili na selo: kubishana, kukatizana, kuchekana. Alto akaipa noti mbili tu. Katikati ya ile mbio yote, alto ilijaribu kuingia, ikachelewa, ikaingia mahali pasipo pake, ikajaribu tena.

Stanislas alihudhuria kila zoezi. Palipokuwa pazito alipiga kiti. Palipokuwa pepesi vya kutosha alinyamaza. Muhindo alikuja mara moja kusikiliza, akatikisa kichwa, akasema kwamba katika masomo yake hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ng'ambo ya daraja kuna kelele kiasi hiki.

"Mikono yangu itakatika," Franck alilalamika, jasho likimtoka. "Miye ninakimbia sawa mwizi, na mwenye kutunga anapiga noti mbili!"

"Tubadilishane," Estelle alimwambia.

Walibadilishana siku moja. Franck alishika alto, akangoja, akaingia, akachelewa, akangoja tena. Baada ya kurasa mbili alimrudishia alto, na hakulalamika tena.

Siku ya onyesho ukumbi wa makumbusho ulijaa nusu. Wazungu wachache, wanafunzi wa chuo, na safu tatu za watu wa Kasai waliokuja kwa ajili ya Maître, wengine kwa aibu, kwa sababu hawakuwa wamekanyaga nyumbani kwake muda mrefu. Stanislas alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, Geneviève kando yake.

Fidla mbili zilianza kwa pamoja, mbio. Watu wawili waliinuka na kutoka mapema. Estelle aliwaona, hakujali, alizoea. Selo ikaingilia. Alto ikatoa noti ya kwanza, ikachelewa ya pili. Na hapo, kutoka safu ya tatu, mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi, kilichoponyoka. Ndicho kitu ambacho mama yake Estelle alikiogopa, bantu kukaa pa viti na kumcheka mtu anayeshindwa. Estelle alitaka kuacha kupiga. Kisha Franck akakifikia kile kipande cha kushusha sauti, ambapo fidla inanong'ona, inanong'ona, halafu inaruka, na mwanamume mmoja mzee akasema waziwazi, kwa mshangao wa furaha:

"Mais, njo yee! Njo Maître!"

Kicheko kikapita safu zote tatu. Walikuwa wamemtambua. Hapakuwa na neno hata moja kwenye zile nyuzi, lakini kila aliyewahi kukaa upande wa pili wa Stanislas kwenye mazungumzo ya mahari aliisikia sauti yake ikipanda na kushuka, ikimnyang'anya mtu zamu, ikimtega. Mwanamke mmoja alimpiga mwenzake begani: ni siku ile, siku ya mahari ya yule binti Exaucée! Wanafunzi wa chuo waligeuka kuwatazama bila kuelewa. Na Stanislas alikuwa akicheka kuliko wote, mdomo umepinda, mabega yanaruka, huku mkono wa kushoto unahesabu pigo juu ya fimbo.

Alto iliingia tena na noti zake mbili. Safari hii hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima, safu zile tatu na wengine, ulikuwa unaisubiri ifike.

Baada ya onyesho watu walimzunguka mzee, si Estelle. Walizungumza naye, yeye mwenyewe, kwa kasi ya kawaida, naye akajibu moyo, moyo, na mara moja akasema "mer-ci" kwa kuimba. Jumapili iliyofuata sebule ya Ruashi ilikosa viti.

Halafu kukaja ujumbe kutoka Liège. Mwalimu wa zamani wa Estelle alikuwa amesikiliza rekodi, akasema ni kazi ya pekee, na tamasha la huko liliwataka wote wanne. Viza na tiketi vingeshughulikiwa. Franck aliposikia alikaa chini barabarani, juu ya ukingo wa mfereji, na shati lake jeupe.

Estelle alimpelekea baba yake habari hiyo kwa furaha. Alieleza yote. Alishajifunza kuuliza kwa pande zote mbili, na miezi ilikuwa imepita, na ndiyo na hapana za mzee zilikuwa zimeanza kunyooka.

"Papa, tuipeleke?"

"Ha-pa-na," alisema Stanislas, kwa noti mbili.

Estelle alidhani amesikia vibaya. "Tuibakishe hapa?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Tuipeleke Ulaya?"

"Hapana." Safari hii hakuimba. Lilitoka kavu, neno zima, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye ufunguo.

Estelle alibishana naye. Alimwambia habari za Franck na viza. Alimwambia kwamba kule wangemheshimu. Alimwambia kwamba sasa kazi ni yake Estelle pia, mikono yake ndiyo iliyoiandika. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Estelle akaja kwa njia nyingine, akakuta hapana inamngoja huko. Alipandisha sauti, na Stanislas akagonga fimbo, na Geneviève akatokea mlangoni kuona kuna nini. Alisimama akiwatazama.

"Munagombana," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu kama shukrani. "Hii nyumba ilibakia wakati mingi bila kugombana."

Estelle aliiandikia Liège kwamba haiwezekani. Aliumia, na ilimchukua siku kadhaa kuacha kuumia. Franck ndiye aliyekuwa mgumu zaidi.

"Muntu moja anakataa, shiye bote tunabakia?" alimwuliza kwa simu.

"Sauti iko yake, Franck."

"Na vidole viko vya nani?" Akakata simu, akaacha kuja mazoezini.

Stanislas aliona kiti cha Franck hakina mtu. Siku moja, Estelle akiwa anakaza nyuzi na Geneviève anachagua maharage, mzee aliinua mkono wa kushoto. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Geneviève aliinama mbele ili amsaidie, kisha akajizuia na kurudi kwenye maharage yake. Estelle aliuweka upinde chini. Nje lori lilipita, vumbi likaingia dirishani, likatulia. Stanislas alipiga goti mara moja, mara ya pili.

"Franck," alisema. "A-ku-ye."

Franck alikuja kwa heshima ya mzee, si kwa hiari. Estelle alileta kiti, lakini baba yake alimwashiria kwa mkono aondoke, na yeye na mama yake wakabaki jikoni bila kusikia chochote. Muda mrefu ulipita. Chai iliyopelekwa ilirudi imepoa, haikuguswa. Hatimaye Franck alitokea, akasimama kwenye mlango wa jikoni akiwa ameshika kofia yake.

"Alisema nini?" Estelle aliuliza.

"Neno moja tu." Franck alikuwa anatazama sakafu. "'Habanijue.' Bale ba kule, habanijue. Ilimukamata wakati mingi ya kuisema. Nilitaka nimumalizie, nikaona haiko muzuri." Akaizungusha kofia mikononi. "Hapa, bantu walisikia yee. Kule wangesikia mugonjwa tu. Njo vile minaelewa."

Geneviève alimsogezea kigoda. Franck hakukaa.

"Ningali na kasirani," alimwambia Estelle. "Usifikiri imeisha."

"Sawa."

"Mazoezi, tunarepete lini?"

"Alhamisi."

"Nitakuya," alisema Franck, akavaa kofia yake na kutoka.